Matanga ya Mtoto Aliye Hai

Tezo,
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Dama mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mnarani kumuaga mamako mdogo, nami namjua mdogo wangu, hakuachii mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimefunika cherehani, nimevuta kiti mlangoni penye mwanga, nimechukua lile daftari la vipimo vya wateja nikaligeuza upande wa nyuma usioandikwa kitu. Nimekaa. Nimesimama. Nimekwenda kuliangalia begi lako mara ya tatu, utadhani nguo zina miguu. Nimerudi, nimekaa tena.

Mambo ya kula na kufua na kutomwazima mtu simu yako sitayaandika. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata basi halijaja na umeshanichosha." Ulisema kweli. Kila nilipofungua mdomo niseme jambo lenyewe, mdomo ulikwenda kwenye sabuni.

Jambo lenyewe ni hili. Katika ile kazi ya sauti unayokwenda nayo kesho, mna maneno yangu mimi mamako, na maneno hayo si kweli yote. Nilipunguza. Na nilichokipunguza ndicho Mama Sidi anachokiuliza mle ndani mbele za watu, na hakuna amjibuye. Ulisema mwenyewe kwamba ukishaikabidhi huko Unguja haiguswi tena, itachezwa hivyo hivyo kwa wenyeji na kwa wageni. Basi nina leo tu. Barua hii nitaiweka juu ya vile visikizio vyako, maana ndicho kitu cha kwanza unachoshika ukiingia ndani. Isome kabla hujalala.

Kazi hii unaijua kuliko mimi, lakini niache nianzie mbali. Nikianzia karibu nitaruka tena.

Bi Zuhura alipokuja hapa kutoka Malindi mwaka juzi hakuja kutafuta hadithi. Alikuja kutafuta fundi. Alitaka hando kumi na mbili, zile sketi za marinda walizovaa bibi zetu, na mafundi wote aliowazungukia Kilifi mjini walimwambia siku hizi hando hushonwa kwa lastiki. Mimi nikamwambia hando ya lastiki ni pazia. Akacheka, akaketi. Nikamwuliza, ni za harusi? Akasema, "La, binti yangu. Ni za kuwakumbuka wanawake waliobeba habari."

Akaeleza. Vita vya Wagiriama na Waingereza, ni zaidi ya miaka mia sasa. Yule mama aliyewaongoza watu anajulikana, watoto wanafundishwa jina lake shuleni. Lakini yeye alikuwa na miguu miwili kama mimi na wewe. Waliokwenda kijiji hadi kijiji na maneno kinywani walikuwa wanawake wengine, na majina yao hayako popote ila kwa wajukuu. Bi Zuhura alitaka kuwakusanya wajukuu hao, kila mmoja alete alichoachiwa, kitiwe sauti na mwendo, watu wasimame wasikie.

Wewe ulikuwa umekaa kizingitini unaunga waya wa redio. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulimwuliza swali moja: "Hizo sauti zitatokea wapi?" Akasema zitatoka kwenye spika. Ukamwambia, "Spika zifichwe ndani ya mitungi. Mtu ainame kama anayeteka maji ndipo asikie." Nilitaka kukukemea kwa kuingilia mazungumzo ya watu wazima, lakini Bi Zuhura alikuwa ameshasahau habari ya hando. Alikuwa amekugeukia mwili mzima. Siku ile nilijua utaondoka.

Nilitaka kukukemea. Hapo nikae kidogo.

Nimekunyamazisha sana, Dama. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na sita, sare yangu ya kidato cha kwanza ikiwa bado ina rangi. Babu yako hakunifukuza. Alisema neno moja tu, jioni niliyotoka nawe hospitali: "Sitaki kumsikia huyo mtoto mpaka nimjue ni wa nani." Alikuwa na uchungu, na nadhani kesho yake alikuwa ameshasahau alivyosema. Mimi nililichukua kama lilivyo. Ulipolia nilikufunika kwa leso, nikakubana kifuani chini ya blanketi, jasho likitutoka sote wawili. Ulijifunza upesi. Majirani walikuwa wakisema, "Kache amepata mtoto wa jiwe, halii," nami nilijivuna.

Ulifika miaka mitatu husemi. Ulikuwa unaweka sikio ukutani, kwenye mtungi, kwenye tumbo la mbuzi. Nikakupeleka hospitali nikidhani u kiziwi. Muuguzi alipiga makofi nyuma yako, ukageuka. Akasema, "Huyu anasikia kuliko mimi na wewe. Kwani nyumbani kwenu hamwongei?" Njia nzima ya kurudi nilikusemesha, nikikutajia kila kitu, huyu kuku, huu mkorosho, yule ni mzee Charo, watu wakidhani nimerukwa na akili.

Leo Bi Zuhura anawaambia wageni wake kwamba una masikio anayoyapata mtu mmoja kati ya elfu. Mimi najua yalikotoka, ndiyo maana wakikusifu mimi huondoka nikajifanya natafuta sindano.

Yote hayo yaliletwa na kuona haya tu. Haya ni nguo nzuri kwa mwanamke, hivyo nilifunzwa, lakini mimi nimeivaa mpaka bafuni. Na siku ya kurekodi niliivaa pia.

Unaikumbuka siku hiyo. Mlikuwa mmeegemeza magodoro ukutani katika ile nyumba aliyokodi Bi Zuhura, madirisha yamezibwa, joto kama la tanuri la chokaa. Sisi wanawake kumi na mbili tulikaa mkekani tukingoja zamu. Wewe ulikuwa na visikizio, umeinamisha kichwa. Mimi sikuwa nimekusudia kusema kitu. Nilikuwa fundi wa nguo. Ni wewe uliyemwambia Bi Zuhura, "Hata mama alihadithiwa na bibi yake."

Aliyenitangulia alikuwa Mama Sidi. Sisi tunamjua kama jirani, mama wa watu anayeuza pojo na kunde, mwenye ulimi. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba kwao ni bara, mbele ya Ganze, na kwamba hapa Tezo aliolewa tu. Akasimulia. Kijiji cha bibi yake kilikuwa karibu na kisima cha mawe mawili. Walikuwa wameambiwa wangoje mjumbe. Vijiji vya mbele vilipata habari, vikahamishia watoto na nafaka msituni. Kwao hakuja mtu. Walingoja, wakaja askari. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, na mwaka ule watu walikula mizizi.

"Kwetu husemwa mjumbe alinunuliwa kwa doti moja ya kitambaa," alisema. "Mpaka leo, mtu akichelewa kuja na kitu alichotumwa, huambiwa: wewe ni mjumbe wa doti." Wanawake wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akasogea kwenye maikrofoni, akauliza kama anayemwuliza mtu aliye nje ya mlango: "Mbona hukuja?"

Na mimi pale mkekani niliacha kujipepea. Kile kisima cha mawe mawili nilikuwa nakijua tangu nikiwa darasa la tatu.

Ikawa zamu yangu. Bi Zuhura akaniuliza kwa upole wake, "Na wa kwenu, bibiye, alifikisha?" Wewe ukainua uso ukanitazama. Sijui kama unajua ulivyonitazama. Hujawahi kunitazama hivyo, mimi mshona sare za shule, mwanafunzi wa kidato cha kwanza nusu. Nikasema: "Alifikisha. Vijiji vyote vitatu. Hakusahau hata neno moja."

Mama Sidi alikuwa anatazama miguu yake. Akasema polepole, "Bahati yao."

Sasa sikia nilivyohadithiwa.

Bibi yangu mzaa baba aliitwa Dama. Hilo jina lako halikutoka hewani. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la upande wa baba, lakini upande wa baba yako hawakutokea, siku ya saba ikafika, na babu yako akasema, "Mpe wa kwetu, asikae bila jina kama ndama." Nikakupa la Hawe, ndivyo sisi tunavyomwita bibi, aliyekuwa amefariki miaka miwili nyuma akiwa mzee hana hata jino. Nilikwambia ni jina la bibi. Sikukwambia zaidi.

Mama yake Hawe aliitwa Umazi, naye ndiye aliyekuwa mjumbe. Hawe alikuwa akinisimulia tukipukuchua mahindi, akicheka mpaka anakohoa. Alisema wajumbe walitembea kama wafiwa. Mwanamke anayekwenda matangani hakuna amzuiaye, awe askari, awe kibaraka. Mjumbe alijifunga kitambaa kiunoni, akajipaka vumbi, akaingia kijijini analia. Na ndani ya kilio mlikuwa na jina, jina la maiti ambaye hakuwapo. Safari ile jina lilikuwa Mbodze. Katika vijiji vile vitatu hapakuwa na Mbodze hata mmoja. Basi wakisikia mtu anamlilia Mbodze, waliokwisha kuambiwa walielewa: askari wako njiani, hamisheni watoto na nafaka.

Umazi alikuwa ananyonyesha. Mwanawe alikuwa na miezi michache, akamwacha kwa mke mwenzake, akaondoka alfajiri. Njia ile unaijua ilivyo kavu, ulitembea huko na kinasa sauti chako ukatafuta mlio wa majani. Kufikia adhuhuri maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka yanatoka yenyewe, kitambaa kimelowa chapachapa. Hawe alisema, "Titi likijaa, akili nayo hushuka huko huko." Alipoingia kijiji cha kwanza, pale kwenye kisima cha mawe mawili, akafungua kinywa kulia, na jina lililotoka halikuwa Mbodze. Lilitoka lililokuwa kifuani. "Dama. Dama wangu wee."

Alimlilia mwanawe mwenyewe, aliyemwacha nyumbani mzima.

Watu wakatoka. Wakamwona mwanamke mchanga, kifua kimelowa, anamlilia mtoto. Nani angefikiria vita? Wakamketisha, wakampa maji, wanawake wakakaa naye wakalia. Umazi akatambua kosa lake akiwa katikati ya kuliwazwa. Lakini pembeni alikuwa ameketi mtu wa serikali, aliyekuja kuhesabu vibanda vya kutozwa kodi, anavuta tumbaku yake na kutazama. Angerekebishaje? Mtu akilia Dama kisha akageuza akalia Mbodze, ni nani humsahau maiti wake? Akangoja yule mtu aondoke. Hakuondoka. Jua likapinda. Wakampa mtama kibaba kimoja, kama apewavyo mfiwa, wakamwonyesha njia. Vijiji viwili vya mbele alilia Mbodze sawasawa, vikapona. Cha kwanza kikaungua.

Na aliporudi kwake akakuta nyumba imejaa watu. Habari ya kifo ilikuwa imemtangulia kwa njia ya mkato. Wamekuja na rambirambi, wamemkuta marehemu ananyonya titi la mama mdogo. Hawe alikua anaitwa Maiti. Watoto wenzake walikuwa wakimwita, "Maiti, njoo ule." Alilipenda jina hilo. "Mimi niliwekewa matanga kabla sijaota jino," alikuwa akisema, "kwa hiyo mkinizika msisumbuke kulia, mmeshalia." Lakini alisema mama yake, Umazi, hakucheka hadithi hiyo hata siku moja. Na hakuingia tena kwenye matanga. Akifika alisimama nje ya ua mpaka watu wamalize.

Ndivyo ilivyokuwa. Ingenichukua muda gani kuyasema haya mbele ya maikrofoni? Robo saa. Lakini Mama Sidi alikuwa ametoka kusema nyumba zao zilichomwa, na mimi ningesema nini? Kwamba aliyewachomesha ni sisi? Na wewe unanitazama vile?

Mwaka mzima umepita. Nimemshonea Mama Sidi hando yake, nimempima kiuno, nimepiga magoti nikambania marinda kwa pini, akinitania kwamba nimempunguzia unene kwa hila. Kila mazoezi nimemsikia akiuliza, "Mbona hukuja?" Na baada yake wewe ukaweka ule ukimya. Mitungi yote inanyamaza kwa pamoja, wanawake wanaocheza wanasimama wima, hata njuga za miguuni hazilii. Siku mlipoonyesha Kilifi, mwanamume aliyekuwa kando yangu alishika pumzi mpaka nikamwonea huruma. Ukaniambia ukiwa na furaha, "Mama, ule ukimya ndio moyo wa kazi." Nikakwambia ni mzuri. Nikaenda kutafuta sindano.

Nimesimama tena, nimemwagia kuku maji ambayo walikuwa nayo. Naogopa mambo mawili na yote yanagombana. Naogopa ukijua utaniona mwongo, nawe unaondoka kesho, sitakuwa na siku za kukurudisha. Na naogopa usipojua utazunguka dunia na swali ambalo jibu lake liko chini ya ulimi wa mamako. Nikikuandikia wewe peke yako, bado nitakuwa nimepunguza. Si wewe unayeuliza.

Jua bado liko juu. Naenda kwa Mama Sidi.

*

Nimerudi. Naandika mbio, utanisamehe mwandiko.

Nimemkuta uani, ungo mapajani, anachagua pojo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema? Mwanao kashaondoka?"

"Kesho."

"Basi pumua. Mpaka kesho bado ni wako."

Nikakaa chini, sikungoja kigoda. Nikamwambia nimekuja kwa neno nililolipunguza. Akasema, "Kama ni kiuno cha hando, nilijua." Nikamwambia si hando. Nikaanza. Nilianzia pale ambapo mtu huanzia akiwa na hofu, katikati: kwamba mjumbe wa kwao na mjumbe wa kwetu ni mtu mmoja. Yeye hakuinua uso. Vidole vilikuwa vinaendelea kutoa mawe. Nikamweleza habari ya vilio na jina la Mbodze, na kwamba Umazi aliingia kwenye kisima cha mawe mawili akamlilia mwanawe badala yake.

Vidole vikasimama.

"Rudia hapo."

"Badala ya Mbodze alimlilia mwanawe. Dama."

"Ilikuwa adhuhuri?"

"Adhuhuri."

"Kitambaa kimelowa hapa?" Akajigusa kifuani.

Dama, sikuwa nimemwambia habari ya maziwa.

Akauweka ungo chini. Akautazama ukuta wa jiko. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Bibi yangu alikuwa na hadithi mbili. Moja ya mjumbe asiyekuja. Na nyingine ya mama mmoja aliyefiwa, alipita kwao siku chache kabla ya moto, maziwa yanamchirizika, wakaacha kazi wakalia naye mpaka jua likapinda, wakampa na mtama. Hiyo alikuwa akitupa tukiwa wachoyo. Alikuwa akisema, tazameni, hata sisi tuliokuwa karibu kuunguliwa tulimliwaza mtu. Sikumpa Bi Zuhura hadithi hiyo. Niliona haihusu vita."

Halafu akasema:

"Basi alikuja."

"Alikuja, mama."

"Alikuja, na sisi tukampa maji."

Nilidhani atalia. Hakulia, alinigeukia kwa ukali. "Na wewe, Kache. Mwaka mzima wanisikia nauliza. Wanipima, wanichoma pini, wanyamaza."

"Nilikuwa na haya, mama."

"Haya ya nani? Moto uliwashwa na wenye bunduki. Wao walikwenda zao wakalala, haya zao mkazibeba nyinyi. Na sisi tukabeba kinyongo, kwa mwanamke aliyekuwa na titi limejaa." Akaguna. "Mjumbe wa doti. Na mimi nimewatukana wanangu kwa neno hilo miaka yote."

Nilikuwa nakamua ncha ya leso yangu kama mtoto aliyevunja sahani. Alinitazama mpaka akachoka kunikasirikia, nadhani, maana aliuchukua ungo wake tena. Akauliza, "Na yule mtoto aliyeliliwa?"

"Aliishi. Akazeeka akafikisha kama miaka tisini. Mwanangu ana jina lake."

Hapo, mwanangu, akacheka. Alianza kwa mabega, kisha tumbo, mpaka pojo zikamwagika, na mimi nikashikwa na kicheko, tukacheka wote wawili tukishikana mikono uani kama wendawazimu. Alipopata pumzi akajifuta macho akasema, "Basi mturudishie mtama wetu. Sisi hatutoi rambirambi kwa mtu aliye hai."

Kisha akaniambia nitoe simu. "Weka hicho kidude chako, nisije nikafa kesho ukasema uongo tena." Nikakiweka juu ya kinu. Akavuta leso mabegani, akatulia kama anavyotulia kwenye mazoezi, akasema maneno yale mawili. Basi alikuja. Mara moja tu, hakutaka kurudia. Baada yake nikasema mimi, yote, tangu jina la Mbodze mpaka kibaba, na sauti yangu si nzuri. Utasikia kuku, utasikia mashine ya kusaga ya pale chini imewashwa katikati, na mimi nikivuta makamasi. Sijui kama yatakufaa. Wewe ndiye fundi wa hayo.

Simu nimeiacha juu ya meza. Ukimya wako najua ulivyoupenda, na sikuombi uubomoe. Kama neno lake litakuja baada ya ukimya, au ukimya ndio uje baada ya neno lake, au kama huko watakataa kabisa kwa kuwa kazi imeshafungwa, hilo sijui, na halinipi utulivu. Lakini uongo wangu usiufute. Acha nisikike nikisema hakusahau hata neno moja, kisha nisikike nikisema kweli. Watu wajue kwamba hata wajukuu wa wajumbe hukosea njiani.

Huko uendako utapewa maneno ya watu uyabebe, wewe na kinasa sauti chako. Yatakuwamo yatakayokuaibisha kwa niaba yao, na mkono utakuwa mwepesi kukata. Mimi nimekata kwa mkasi miaka kumi na tisa, nakwambia kitambaa kilichokatwa kifupi hakirefuki. Kilichokatwa kirefu hukunjwa. Sina zaidi ya hilo.

Na ukiwa na uchungu nami leo, kuwa nao. Piga kelele ukitaka. Babu yako hayupo, na hata angekuwapo.

Jua linaingia kwenye migomba na nasikia mbwa wa mzee Charo wanabweka, huenda ni wewe unakuja. Nimalize upesi.

Mtama hapa Tezo siku hizi ni wa kutafuta. Nimezunguka nyumba nne nikitoka kwa Mama Sidi, ya nne wakanipimia kibaba kimoja, nikapepeta mwenyewe. Nimekifunga kwenye kipande cha kitambaa cha marekani kilichobaki kwenye zile hando. Kesho asubuhi tukienda stendi tutapita uani kwake. Mimi nitasimama nyuma. Wewe utampa kwa mikono miwili, na utamtajia jina lako.

Mamako,
Kache